Azure Sheep ilipofunguka kwenye simu

Mwanzoni Azure Sheep, modi ya Half-Life (yaani mchezo uliojengwa na mashabiki juu ya mchezo huo), haikuonekana hata kwenye orodha ya modi. Xash3D FWGS, injini inayoendesha Half-Life na modi zake, ilikuwa imeshakaa kwenye simu ya Android, folda ya valve, yenye data ya Half-Life niliyoinunua, imo ndani ya /sdcard/xash, na zip ya modi nimeifungulia kando yake. Kumbe zip ile ilizaa folda ndani ya folda: xash/asheep/asheep. Injini hutafuta faili la maelezo ya modi, liblist.gam au gameinfo.txt, kwenye folda ya juu ya modi, na isipolikuta, kwake hapo hakuna modi. Nikavipandisha vilivyomo ngazi moja, jina likatokea.

Nikagusa mchezo mpya. Sekunde mbili, programu ikajifunga.

Ukifungua liblist.gam unakuta mstari wa gamedll, unaotaja dll, yaani faili la msimbo wa mchezo. Ramani, sauti na maumbo ya maadui ni data tu, husomeka popote. Lakini namna adui anavyokuwinda, bunduki inavyofyatuka, mlango unavyofunguka, yote yamo ndani ya hiyo dll, nayo iliundwa kwa ajili ya Windows na prosesa za x86. Simu ina ARM, aina nyingine ya prosesa. Kubadilisha jina la faili hakusaidii kitu. Msimbo lazima uundwe upya.

Hazina ya hlsdk-portable, yenye msimbo wa Half-Life na modi zake unaoweza kuundwa kwa mifumo mbalimbali, ina tawi (toleo la pembeni la msimbo) liitwalo asheep, na wanaolitunza nawashukuru mpaka leo. Nikaliunda kwa NDK, zana za Android za kuunda msimbo wa C na C++, zikatoka maktaba mbili: ya seva, inayoendesha maadui na milango, na ya klaienti, inayochora afya na risasi kwenye skrini. Ukiziacha kwenye sdcard haziendeshwi, mfumo unazuia, kwa hiyo nikazifunga ndani ya apk (faili la kusakinisha programu ya Android) ndogo ya modi.

Ikagoma tena. Nikaongeza -dev 2 -log kwenye sehemu ya amri za kuanzia, nikasoma engine.log, faili la kumbukumbu za injini: maktaba zangu zilikuwa za biti 64, injini ya biti 32. Hivi viwili havichanganyiki kabisa. Nikaunda upya kwa armeabi-v7a, yaani ARM ya biti 32.

Safari hii ramani ikafunguka, na mlango wa kwanza ukaitika kidole. Kilichokosekana ni kitufe cha kurudia silaha iliyotangulia. Nikakiongeza kwa touch_addbutton, amri yake lastinv, pembe zake zikipimwa kwa sehemu ya skrini kutoka 0 hadi 1, kisha touch_writeconfig ili kisipotee.