Shukrani yenye majina

Kule Pemba Mnazi, kwenye mtaa wa misheni ambao usharika wetu unaulea, kuna bibi mmoja mzee wa kanisa. Akiombwa aongoze sala ya shukrani, watu hukaa kwenye mabenchi kwanza, maana wanajua haitakuwa fupi. Bibi huyu hashukuru "kwa yote uliyotutendea" akaishia hapo. Yeye hutaja. Anamshukuru Mungu kwa ajili ya kijana wa bodaboda aliyempeleka mwinjilisti kwa mgonjwa usiku wa mvua asidai nauli. Anashukuru kwa ajili ya fundi seremala aliyepiga mabenchi, jirani Mwislamu, aliyekataa kutumia ubao wenye bungua kwa sababu nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada. Anamtaja binti aliyejifungua salama, halafu mkunga aliyekesha naye. Anataja kisima, kisha anawataja waliokichimba, mmoja baada ya mwingine, na wale waliokwishatangulia mbele ya haki anawataja pia.

Jumapili hii nimemsikia tena, na tangu turudi Temeke maneno yake hayajanitoka. Ndiyo maana naandika usiku huu, wakati vitambaa vya wateja vimejaa mezani.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi cherehani. Katika huduma ya misheni kila mtu huja na alicho nacho. Wapo wanaohubiri, wapo manesi wa usharika wanaopima presha na sukari chini ya mwembe, wapo vijana wanaobeba jenereta na spika. Mimi hubeba futi, chaki na daftari la vipimo. Mtaa ule ulianza kuabudu chini ya huohuo mwembe. Sasa una banda la mabati na sakafu ya udongo, na kwaya yao ilikuwa ikisimama kila mtu na nguo yake. Najua Mungu hatazami sare. Lakini aliyekulia katika makanisa yetu anaelewa kwaya ikivaa sare inakuwaje. Mama aliyeshinda shambani wiki nzima anapita mbele na wenzake, wanawe wanamwona, na hatua zake zinakuwa nyingine kabisa.

Nilipokwenda kuwapima, wa mwisho kuja alikuwa mzee wa sauti ya nne, mvuvi. Mabega yake ni mapana kwa kazi ya kuvuta nyavu, na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, hivyo ilibidi nipime kila upande peke yake na kuandika mara mbili. Nilipomaliza akabaki amesimama. Nikamwuliza, "Baba, kuna kingine?" Akasema anaomba mfuko wa ndani, upande wa kushoto, uingie kitabu cha tenzi. Nyimbo zote anazijua kwa moyo, ila hapendi kukiacha kitabu kwenye benchi, na akikishika hawezi kupiga makofi. Nikapima kitabu chenyewe, urefu na unene, nikaandika pembeni ya jina lake.

Basi Jumapili hii tukapeleka sare. Tuliondoka alfajiri kwa kosta, tukavuka daraja la Nyerere pale Kurasini, tukashika njia ya kusini kupita Mjimwema na Gezaulole hadi Kimbiji, kisha vumbi. Kwaya ikavalia nyumbani kwa jirani, maana kanisani hakuna chumba. Mvuvi wangu alipotoka, kabla ya kujitazama popote, aliingiza kitabu mfukoni, akafunga kifungo, akapiga makofi mara moja kuona kama kitadondoka. Hakikudondoka. Akanipungia mkono kutoka mlangoni.

Ndipo ikaja sala ya Bibi. Nilijua huenda atashukuru kwa ajili ya sare, na moyoni nilijiandaa kuitika amina. Alichofanya ni kumtaja dada aliyekaa kwenye cherehani. Akamtaja mume wangu, ambaye hajawahi kumwona, kwa sababu alininunulia uzi. Akamtaja dereva wa kosta. Akaendelea kurudi nyuma: muuza vitambaa wa Kariakoo, mfumaji kiwandani "tusiyemjua jina lakini wewe Bwana unalijua", mpaka mkulima wa pamba kule Usukuma aliyeinama juani kupalilia. Nikiwa nimefumba macho nilihisi banda lile limejaa watu.

Nimeokoka miaka mingi na nimesikia shuhuda nyingi. Nyingi za siku hizi ni za gari, kiwanja, viza na mikopo iliyopita. Sizibezi, Mungu anatoa hayo pia. Ila zinamfanya msikilizaji ambaye hajapata chochote akae kimya nyuma ya kanisa akidhani hana la kusema. Bibi yule hana gari wala kiwanja cha kutangaza. Ana watu, na anamwona Mungu akipita kwao.

Baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka. Walioweka pesa kwenye kapu waliweka, na wasio na pesa walileta walichovuna: nazi, mafungu ya muhogo, ng'onda waliofungwa kwa ukindu, mayai kwenye kikapu kidogo. Mnadi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti isiyohitaji spika. Fungu moja la muhogo lilianza kwa 2,000. Kijana wa kwaya akalinunua, akasema, "Narudisha kwa Bwana." Likanadiwa tena, mzee mwingine akalinunua, naye akarudisha. Mara ya tatu mchungaji wetu alilichukua, akalipeleka mwenyewe kwa mama mjane aliyekaa karibu na mlango, na huyo mama ndiye aliyekuwa amelileta. Watu wakapiga vigelegele. Yule mama akacheka, akalikumbatia fungu lake kama mtoto aliyerudi kutoka safari.

Mchungaji alikuwa amehubiri juu ya safari ya Paulo baharini, Matendo ya Mitume sura ya 27. Habari hiyo nimeisoma tangu shule ya Jumapili, lakini zamani macho yangu yalikuwa kwenye dhoruba na meli kuvunjika. Mara hii alituonyesha mkate. Wamo 276 melini, usiku wa kumi na nne wa kutupwatupwa na mawimbi, hawajala. Paulo ni mfungwa miongoni mwao. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula. Wengine wanapata moyo, nao wanakula. Meli bado haijafika popote. Itavunjika baadaye kidogo, na wote watafika Malta salama, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Shukrani ilitangulia.

Hapo pamenigusa kwa sababu nyumbani kwetu bado hatujafika nchi kavu. Mume wangu aliachishwa kazi mwaka jana, yeye na wenzake, bila maelezo ya maana. Ada ya mtoto wa sekondari tunailipa vipande vipande kwa pesa ya mishono. Kuna usiku ambao nimekanyaga cherehani mpaka miguu ikafa ganzi, na sala yangu yote ilikuwa, "Bwana, unaona." Sala hiyo ni halali. Hata hivyo, tukiwa njiani kurudi nilijaribu kufanya kama Bibi, kutaja. Mwenye nyumba aliyekubali tuchelewe kodi. Jirani wa chumba cha pili anayewapikia wanangu chai nikiwa na kazi ya harusi. Mteja aliyelipa kabla ya kuchukua nguo. Mume wangu mwenyewe, ambaye siku hizi ndiye anayeoveloki na kupiga pasi, na aliyejifunza kushona vifungo kwa mkono wake mpana wa kuendesha folklifti. Tulifika Kibada bado nataja. Hali yetu ilikuwa ileile, lakini nilipata nguvu ya kukaa kwenye mashine asubuhi yake bila kulia.

Tena nikawaza mbali zaidi. Sisi tuliokuwa kwenye kosta ni watoto wa misheni. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka uliofuata Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakaanza kituo Pugu, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo kikashambuliwa, baadhi yao wakauawa. Leo watu wanapanda daladala za Pugu wakiwaza foleni tu. Kabla yao mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Nawashukuru hao, na nasema hivyo nikijua vizuri kwamba misheni na utawala wa kikoloni mara nyingi vilikuja kwa meli moja, na wazee wetu walibeba maumivu ya hilo.

Lakini Bibi asingeishia kwa wageni. Angemtaja Cecil Majaliwa, mtoto aliyeokolewa kutoka utumwani, akasomeshwa Zanzibar, akatumwa Chitangali kule kusini, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni ya Kianglikana ya UMCA. Angewataja walimu na wainjilisti Waafrika wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: wamisionari wa Kijerumani walipokamatwa na kuondolewa, hao ndio waliobaki kufundisha, kusali na wagonjwa na kuzika. Ukipita pale Azania Front, kanisa letu kuu la Kilutheri mjini Dar es Salaam, na kuangalia mnara na vigae vyekundu, unasikia habari za Wajerumani waliojenga. Na waliobeba mawe? Waliochoma chokaa na kuchota maji? Nao ni wazazi wetu katika imani au angalau katika jasho, hata kama wengine wao walikuwa Waislamu waliolipwa ujira wa siku wakaenda zao nyumbani.

Nilimwambia mchungaji hayo wakati tumesimama kusubiri gari lipoe. Akanisikiliza, kisha akaniambia niyaseme kwenye kipindi cha akina mama, siku ya ibada ya katikati ya juma. Mimi si msemaji, lakini nimekubali. Nitaanza kwa kumwomba kila mama ataje mtu mmoja ambaye pasipo yeye asingekuwa amekaa pale, na atuambie alichofanya. Nadhani muda utatuishia kabla ya kufika safu ya tatu, na sitaharakisha mtu.

Nimeanza pia kuandika majina nyuma ya daftari la vipimo. Binti ninayemfundisha kazi ameyaona leo, akauliza, "Dada, hawa wote wanadaiwa?" Nikamweleza. Akanyamaza, akaendelea kutia uzi kwenye bobini, halafu akasema nimwandike shangazi yake wa Mbagala aliyeuza mbuzi ili yeye aje kujifunza cherehani. Nimemwandika.

Kazi inayofuata ni sare za watoto wa mtaa uleule, sketi na kaptura za bluu na mashati meupe. Usharika umechangia kitambaa chote cha bluu, cheupe bado kinapungua mita chache, na mwenye kipande kizuri nyumbani asisite kukileta ofisi ya mtaa kabla ya Jumamosi. Vipimo ninavyo, isipokuwa vya mapacha wawili waliokuwa wamekwenda kwa bibi yao Kimbiji. Mwinjilisti hana futi, kwa hiyo atawapima kwa kamba na kuituma na dereva wa kosta. Nimemwambia afunge fundo moja mahali pa kiuno na mafundo mawili mahali pa goti.