Mguu Uliokumbuka Cherehani

Jumapili, usiku

Leo nimekalia cherehani ya marehemu mama kwa mara ya kwanza baada ya miaka 19. Ni ile ya miguu, yenye kanyagio pana la chuma na mkanda wa ngozi, na aliyewahi kuitumia anajua kwamba ugumu wake uko mwanzoni: unavuta gurudumu kwa mkono lije upande wako, na papo hapo mguu unaupokea mwendo, vidole vikishuka na kisigino kikipanda. Mguu ukichelewa kidogo tu, gurudumu linarudi kinyumenyume, uzi unajisokota chini ya kitambaa na kukatika. Nilipokuwa na umri wa miaka 13 nilikata uzi mwingi mno, hata mama akauondoa kabisa na kunipa karatasi za daftari, nikawa natoboa matundu juu ya mistari yake, jioni baada ya jioni.

Nilidhani nitaanza upya. Njia ya kupitisha uzi hadi kwenye sindano nilikuwa nimeisahau kabisa, ikabidi nimwite fundi jirani anioneshe. Mguu, kinyume chake, haukuhitaji kuoneshwa chochote. Mshono wa kwanza ulipinda, na wa tatu ulinyooka.

Nimekuwa nikimfikiria Henry Molaison, Mmarekani ambaye mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya, pande zote mbili za ubongo. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, karibu kila jambo jipya lilimtoka akilini ndani ya muda mfupi. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, jambo linalomchanganya mtu yeyote kwa kuwa kioo hugeuza mwelekeo. Alirudia kazi hiyo kwa siku 3, makosa yakapungua siku hadi siku, na siku ya mwisho alishangaa kuona kwamba si ngumu kama alivyodhani, kwa sababu hakukumbuka kabisa kuwa aliwahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza, na mwenyewe hana habari. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kumbukumbu ya tukio na kumbukumbu ya stadi hazitunzwi mahali pamoja.

Stadi za mwili hutegemea zaidi sehemu nyingine, mojawapo ikiwa ubongo mdogo, ule uliojificha kisogoni. Humo mna seli za Purkinje, ambazo kila moja hupokea taarifa za mwendo kupitia maelfu kwa maelfu ya nyuzi nyembamba za neva, lakini hupokea pia uzi mmoja wa pekee ambao, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, huleta habari ya kosa. Mwendo ukienda kombo, uzi huo hustuka, na miunganiko iliyokuwa ikifanya kazi wakati ule hudhoofishwa. Kwa hiyo nyuzi zote nilizozikata, ambazo mama alizihesabu kuwa hasara (na zilikuwa hasara kweli, uzi ulinunuliwa), ndizo zilizokuwa zikinifundisha.

Jioni binti wa dada yangu, aliyekuwa amesimama akitazama, aliniuliza, "Mama mdogo, unajuaje wakati wa kukanyaga?" Nikafungua mdomo nimweleze, nikauangalia mguu wangu ili nione unafanya nini, na uzi ukakatika pale pale. Alicheka sana. Sikuwa na jibu, maana nilichotaka kukieleza hakijawahi kupitia kwenye maneno.

Niliutoa uzi kwenye cherehani, nikampa karatasi ya daftari. Baada ya muda akataka kwenda kujaribu cherehani ya umeme ya jirani, nikamkatalia. Mwaka 1996 watafiti wa Massachusetts waliwafundisha watu kusukuma mkono wa mashine uliokuwa ukiwavuta pembeni, wakaona kwamba aliyefundishwa mvuto wa upande mwingine mara moja aliupoteza ule wa kwanza, ilhali aliyesubiri saa 4 alibaki nao. Stadi mbichi huendelea kuimarika hata mtu anapokuwa ameshaondoka kwenye kazi. Usingizi nao unatajwa kusaidia, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani. Nilimwambia tu akalale.

Jumatatu, asubuhi

Amekaa kwenye cherehani kabla ya chai. Gurudumu lilirudi nyuma mara mbili, kisha likashika mwendo hadi mwisho wa mstari. Karatasi ya jana ipo kando, matundu yametawanyika kama iliyoliwa na mende. Ameniomba uzi, nami nimemwambia amalize kwanza ukurasa huu.