Namba za saa ya mchezaji kabla ya mahojiano

Mwanafunzi wa uandishi wa michezo akipewa faili la data kutoka kwenye saa janja au fulana yenye kifaa cha GPS, hutamani kubeba namba zote. Acha. Chagua mbili tu, umbali wa mbio za kasi na mapigo ya moyo, uzigawe kwa vipindi vya dakika 15, kisha utazame video ya dakika ambazo namba zilishuka. Swali la mahojiano huzaliwa hapo, si kwenye jumla ya kilomita.

Jumla hudanganya. Beki wa kati kwa kawaida hukimbia kidogo kuliko kiungo kwa sababu ya kazi yake, si uvivu. Mlinganishe na mechi zake mwenyewe, angalau tano. Kagua pia kizingiti cha mbio za kasi: mfumo mmoja huanza kuhesabu kwenye kilomita 25.2 kwa saa, mwingine chini ya hapo, na ukichanganya namba zao umeharibu kazi. Saa ya mkononi husoma mapigo kwa mwanga, hivyo ikilegea hukosea. Mkanda wa kifuani huaminika zaidi. GPS nayo huyumba karibu na majukwaa ya watazamaji yaliyoinuka sana.

Na ruhusa ya mchezaji iwe ya maandishi. Hizi ni taarifa za mwili wake.

Mkikaa, usimsomee namba kama hati ya mashtaka. "Dakika ya 60 hadi 75 ulibaki nyuma zaidi, kocha alikuagiza nini?" Hilo hujibika. "Mbona ulichoka?" humfunga mdomo.