Uchungu Usiishe Wote

Jikoni bado kunanukia mafuta ya ufuta. Mtoto amelala, mume wangu amekwenda stesheni kumpokea wifi, nami nimekaa na vidole vilivyokunjamana kwa maji na chumvi. Kesho ni Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea. Mwaka huu doraji nimeachiwa mimi.

Doraji ni mzizi. Mmea wake huchanua Julai na Agosti, maua ya zambarau au meupe, na kabla ua halijafunguka huvimba kama puto. Watoto hulibonyeza wasikie likipasuka. Mzizi wenyewe ni mweupe ndani, umegawanyika kama vidole, na anayeuona mara ya kwanza hudhani ni ginseng. Wakorea huupika namul, mboga iliyokolezwa kwa mkono, ikawa mojawapo ya vile vibakuli vya pembeni viitwavyo banchan, ambavyo bila hivyo wali hapa hauitwi mlo. Na ni mchungu. Uchungu huo ndio nimeshinda nao tangu asubuhi.

Asubuhi ya Chuseok, tarehe 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya mwezi, nyumba nyingi huandaa meza ya waliotangulia. Inaitwa charye. Juu yake hukaa namul za rangi tatu: doraji nyeupe, gosari ya kahawia, ambayo ni mashina machanga ya jamii ya kangaga, na spinachi ya kijani. Mzizi, shina na jani. Husemwa mzizi ni mababu, shina ni wazazi, jani ni sisi na watoto wetu. Mume wangu aliniambia hayo mwaka wangu wa kwanza hapa Daejeon, Korea Kusini, akiwa anapanga sahani, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Mimi nilisimama pale nikiitazama ile sahani mpaka nikaitwa.

Mwaka jana ilikuwa Chuseok ya kwanza bila baba mkwe. Nilitaka kusaidia, nikaomba doraji. Niliiloweka usiku kucha, nikabadilisha maji mara nne, nikaichemsha mpaka ikalainika. Ilitoka nyeupe pe, nikafurahi. Baada ya charye mama mkwe alionja, akakaa kimya, kisha akasema, “Imeondoka yote.” Nilidhani anasema uchafu. Usiku ndipo mume wangu aliponieleza: baba yake alikuwa akiipenda doraji ikiwa bado inauma ulimi kidogo, na mama alikuwa akimpikia hivyo miaka yote ya ndoa yao. Nililia bafuni. Tulimwandalia mzee sahani ambayo asingeitambua.

Mwaka huu mkono wa mama mkwe unauma, kifundo kimefungwa bandeji, hawezi kukamua wala kusugua. Jana aliniambia, “Doraji utafanya wewe. Nitakaa karibu.”

Nikaenda Jungang Sijang, soko kubwa la katikati ya mji. Kuna kina bibi wanaokaa nyuma ya mabeseni wakimenya doraji kwa visu vidogo, na iliyokwisha kumenywa humfaa mwenye haraka. Nilichukua nusu kilo yenye udongo wake, kwa sababu harufu hukaa kwenye ganda. Bibi muuzaji aliniita saedaek, jina la mke aliyeolewa juzi, ingawa huu ni mwaka wangu wa saba. Aliniongezea mizizi miwili juu ya mzani.

Tulitandika gazeti sakafuni. “Eomeonim,” nikamwuliza, kwani ndivyo mke anavyomwita mavyaa wake hapa, “nikwangue?” Akatikisa kichwa. Unakata kidogo kichwani, unashika ganda kwa kisu na kidole gumba, kisha unazungusha, linafuata lenyewe kama utepe. Halafu unapasua mzizi kwa urefu, nyuzi nyembamba, zisizidiane sana ili ziive pamoja.

Kisha chumvi ya mawe. Hapa alinisimamia hasa. “Bakbak,” akasema, na akapiga ngumi hewani kwa mkono wake mzima. Ndiyo sauti ya kusugua kwa nguvu. Nilisugua mpaka povu jeupe likatoka kama la sabuni. Ndani ya mzizi huo kuna saponini, ndizo zinazotoa povu na ndizo zenye uchungu. Nikasuuza, nikaloweka kwenye maji ya baridi, naye akaniamuru nionje uzi mmoja mmoja kadiri muda ulivyokwenda.

Wa kwanza ulinikaza taya. Wa pili, baada ya nusu saa, bado. Maji ya pili, nikaonja tena, na safari hii uchungu ulikuja, ukakaa nyuma ya ulimi, halafu nyuma yake ikaja ladha tamu ya mzizi ambayo mwaka jana niliimwaga kwenye sinki. Aliuona uso wangu. “Ssapssareum,” akasema. “Basi. Toa.”

Wana neno lake pekee. Chungu ni sseuda. Chungu kinachopendeza mdomoni ni ssapssareum. Sisi tuna uchungu mmoja tu na tumeubebesha mengi: wa dawa, wa kuzaa, wa kufiwa, na ule wa mama mwenye uchungu na mwanawe. Nilimkumbuka mama yangu, Muheza, akipika mchunga kwa nazi. Alikuwa akimwaga maji ya kwanza lakini si yote, na mimi mtoto nikilalamika, naye akinijibu kwamba akiyamwaga yote nitakuwa nakula majani. Nikamsimulia mama mkwe. Akauliza mchunga unafananaje, nikamchorea pembeni ya gazeti, kati ya maganda.

Kupika hakukuchukua muda. Dakika moja kwenye maji yanayotokota, nikakamua kidogo. Kwa meza ya charye hakuna kitunguu saumu wala pilipili, maana ladha kali husemwa huzifukuza roho unazozialika. Chumvi badala ya sosi ya soya, ili ibaki nyeupe, na mafuta ya ufuta. Sasa mkono ubadilike: jomul-jomul, akasema, akichezesha vidole polepole kama mtu anayemkanda mtoto mchanga. Kikaangoni, vijiko vitatu vya maji, mfuniko, moto mdogo. Mwisho ufuta uliokaangwa, nikiuvunja kwa vidole.

Nilimwekea uzi mmoja kiganjani mwa mkono usiouma. Alitafuna taratibu akitazama dirishani, na nilisikia moyo wangu ukipiga. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono akachukua mwingine, kisha akainuka, akaenda kabatini, akatoa ile sahani ya mguu ya kaure ambayo huwa haigusi mtu mwingine, akaniletea niipange mwenyewe.