Mbwa wa Panga: Nilivyoifufua Rili ya Marehemu Mzee

Watu watatu waliniambia niitupe rili ya marehemu mzee, ile mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia. Wa kwanza nahodha mmoja hapa Shimoni, wa pili shemeji yangu ambaye hajawahi kuvua hata dagaa, na wa tatu muuza vifaa vya uvuvi kule Mombasa, aliyeishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. "Hii ya zamani, kaka. Spea zake hazipo. Chukua hii mpya." Hiyo mpya ilikuwa plastiki tupu, na kwa bei yake ningepata mbuzi wawili na chenji ya soda.

Rili yenyewe ni Penn Senator ya saizi 6/0, mzigo wa Philadelphia, Marekani. Senator zilianza kutoka 1936, ingawa hii ya mzee ni ya miaka ya baadaye. Aliachiwa na Mzungu aliyemfanyia kazi kwenye boti za kuvulia nduwaro, mkondo wa Pemba. Mzee alipofariki ikakaa juu ya kabati ndani ya mfuko wa unga, miaka kumi na kitu. Nilipoishusha, kishikio hakizunguki hata kidogo. Chumvi, grisi iliyogeuka lami, na ile kutu ya kijani ya shaba.

Kufungua sielezi, kila mtu ana bisibisi. Ila skrubu za Mmarekani ni za inchi. Moja ilinipotea mchangani, nikajifanya mjanja, nikalazimisha ya milimita iliyoonekana sawa kabisa. Ikaingia mizunguko miwili, ya tatu ikala meno ya tundu lote. Mpaka leo pale pana skrubu nene kuliko wenzake, na kila ninapoiona najisonya.

Vyuma nilivisafisha kwa ukwaju, kama mama alivyokuwa akisugua sinia za shaba siku ya mkesha wa Idi. Gia zikang'aa mpaka nikaita majirani. Kwa tamaa nikatumbukiza na pete za pembeni zenye kromu, nikalala. Asubuhi kromu iliyokuwa imeanza kubabuka ilikuwa imetoka vipande vipande. Basi gia peke yake, na zisilale humo.

Sasa breki. Ndani ya gia kubwa kuna washa, yaani visahani vyenye tundu katikati, zinazopishana, ya chuma, laini, ya chuma, laini. Ukikaza ile nyota, kile kigurudumu chenye miguu kilicho kwenye kishikio, zinabanana, samaki akivuta zinateleza kwa kiasi. Zile laini zangu zilikuwa zimekauka kama chapati ya juzi. Kuagiza Marekani inawezekana, spea za Senator bado zinauzwa na nyingi za miaka tofauti huingiliana, lakini nilipojumlisha nauli na ushuru nikaona nalipia washa kama nanunua pikipiki. Nahodha yuleyule akanishauri nikate mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikamsikiliza! Mpira hautelezi, jamani. Unashika, unaachia, unashika tena, na mshipi ulikatika nikiwa bado uani navuta kwa mkono.

Dawa ilikuwa ngozi. Fundi viatu aliniuzia vipande vya ngozi ya soli kwa bei ya chai na mahamri. Nikachukua kipande cha bomba la maji, nikakinoa ukingo kwa tupa, nikaweka ngozi juu ya gogo na kupiga nyundo moja. Washa ikatoka duara safi, kama imetoka kiwandani. Ngozi lazima inywe mafuta, nami kwa akili zangu nikailoweka kwenye sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka majahazi. Ngozi ililainika vizuri mno. Harufu je? Mke wangu aliitoa rili nje, kisha akanitoa na mimi. Paka wa mtaa mzima walilala mlangoni siku mbili. Nikakata nyingine, safari hii nikazipaka grisi ya kawaida, nikafuta iliyozidi.

Lakini kazi iliyonitoa jasho ni kijino kinachozuia gia isirudi nyuma. Kwa Kiingereza kinaitwa mbwa, na kweli kazi yake ni kung'ata asiachie. Mbwa wa mzee alikuwa ameliwa ncha. Nikachonga mwingine kwa bapa la chuma laini la dirisha, nusu saa kazi imekwisha, nikajisifu. Jumapili nikaenda nayo nje ya mwamba. Akala kolekole, si mkubwa sana, akapiga mbio, nami nikakaza nyota. Mbwa akateleza. Kishikio kikarudi nyuma kwa kasi ya feni na kunigonga vifundo vya vidole, ta-ta-ta-ta, kabla sijajua nitoe mkono. Samaki akaenda na ndoana. Wiki nzima nilikula wali kwa mkono wa kushoto, na shemeji akapata la kusema.

Mbwa wa pili nilimkata kwenye panga kuukuu, chuma chake kinakubali kukomazwa. Kwanza nilichora umbo kwenye katoni ya majani ya chai, kisha tupa, tupa, tupa. Hapo ami yangu, fundi saa mstaafu, akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukisoma popote. Alimpitisha mbwa juu ya moshi wa koroboi mpaka akawa mweusi wote, akamweka ndani, akazungusha gia kidogo, akamtoa. Palipogusa, masizi yalikuwa yamefutika. "Kula kwa tupa hapo tu, mwanangu," akasema. Tulirudia kama mara kumi na tano mpaka masizi yakafutika uso mzima wa ncha.

Kukomaza: jiko la mkaa, mpwa wangu akipuliza kwa pampu ya baiskeli. Usiamini macho, wekundu wa chuma kwenye jua la mchana hudanganya. Nilichomoa sumaku ya spika ya redio mbovu, nikawa naigusisha mara moja na kuiondoa. Chuma kikifika moto wake, sumaku haikishiki tena. Hapo kitumbukize kwenye oili. Tulifanya hivyo, kikawa kigumu kama kioo, na kwa kweli kilikuwa kioo, maana kiliniponyoka sakafuni kikavunjika vipande viwili. Mbwa wa tatu basi. Huyu baada ya oili nilimsugua kwa msasa akang'aa, nikamweka kwenye kikaango kikavu, nikatazama rangi ikipanda taratibu mpaka ikawa ya asali, nikamwondoa upesi. Hajavunjika, na nimemdondosha makusudi.

Kujaribu breki sikuwa na mizani. Mshipi wangu ni wa ratili 50, yaani kilo 22 na ushei, na breki huwekwa karibu theluthi yake. Nikafunga rili kwenye tawi la mwembe, nikaning'iniza jerikeni lenye lita saba za maji, nikalegeza nyota kidogo kidogo. Jerikeni likashuka polepole bila kurukaruka, mpaka likakaa chini.

Kaskazi iliyopita imetoa nguru na jodari, vidole vyangu vizima. Gharama yote sijaiandika, labda elfu mbili hivi, ukiacha panga, ambalo mke wangu anadai lilikuwa bado zima. Nahodha wa tyubu alinijia mwezi jana na rili yake chini ya kwapa, akaanza kunisimulia hali ya hewa. Nilimwacha amalize.

Imebaki kliki, ule mlio wa samaki akivuta. Springi yake imelika na hii niliyokunja kwa waya wa kalamu inalia kama nzi kwenye chupa. Ami ana kopo la springi za saa za ukutani. Ijumaa baada ya sala tutalimwaga mkekani tutafute.