Kumvisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo: anza na mkono uliokakamaa

Asubuhi za Dar zina haraka zake. Saa kumi na moja alfajiri mzazi anawahi daladala, mtoto anavutwa mkono uingie kwenye shati, na kadiri anavyovutwa ndivyo mkono unavyozidi kujikunja. Wengi hudhani ni ukaidi, lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye ubongo wake hauongozi misuli vizuri, hafanyi makusudi. Ukivuta vidole, misuli iliyokakamaa hukaza zaidi na kiwiko kinajikunja.

Usimvishe akiwa amelala chali, maana wengi wao hujinyoosha na kukaza mwili mzima. Mkalishe kwenye mkeka katikati ya miguu yako, mgongo wake kifuani kwako, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa. Mkono uliokakamaa ndio uanze kuvaa, na wakati wa kuvua uwe wa mwisho. Pitisha mkono wako kwenye mkono wa shati kuanzia tundu la kutokea kiganja, shika kiganja chake chote, nyoosha kiwiko taratibu, kisha telezesha nguo hadi begani. Miguu ikipishana kama mkasi, usiitanue kwa kushika vifundo. Kunja nyonga na magoti kwanza, halafu itenganishe ukishikia magotini.

Mkaushe vizuri baada ya kuoga. Kwa joto letu, fulana hung'ang'ania ngozi yenye jasho na kazi inakuwa mara mbili. Nunua saizi moja juu, kaptula iwe ya lastiki. Shati la sare mpelekee fundi cherehani: vifungo vishonwe juu kama pambo, ndani aweke kitambaa cha kunata kama cha viatu vya watoto.

Kama ana ulemavu wa akili pia, bado anaweza kujifunza kuvaa, ila mfundishe kuanzia mwisho. Kaptula mvishe wewe hadi kwenye nyonga, umwachie kipande kimoja tu: kuivuta hadi kiunoni. Akimaliza, msifu papo hapo. Akishazoea, mwachie kuanzia mapajani, kisha magotini. Kila mara yeye ndiye anayemaliza, na hilo humpa hamu ya kurudia kesho.

Mwambie neno moja, "vuta", kisha nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hapa ndipo wengi tunapokosea: sekunde tatu tu, mkono wa mtu mzima umeshaingilia. Mama akisema "vuta", bibi "pandisha" na dada wa kazi "inua", kwa mtoto huyu hizo ni kazi tatu tofauti. Kubalianeni neno moja nyumba nzima. Mafunzo yawe jioni baada ya kuoga, asubuhi mvishe tu muondoke.

Akikakamaa ghafla kuliko kawaida, au akilia kila unapogusa paja, acha mazoezi umpeleke hospitali. Huenda ni choo kigumu, maambukizi ya mkojo, au nyonga inatoka mahali pake, na nyonga inahitaji picha ya eksirei.