Marangu Wakati wa Masika

Kila Desemba barabara ya Arusha kwenda Moshi hujaa magari ya Wachaga wanaorudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, nasi tumekuwa miongoni mwao tangu tulipooana. Hata hivyo, mke wangu, aliyezaliwa na kukulia Marangu, amekuwa akishikilia kwamba mtu anayepaona kwao Desemba pekee hajapaona. Desemba nyumba zimepakwa rangi, mbuzi wamechinjwa, na hata ndugu wenye ugomvi wameuweka kando hadi mwaka mpya. Alitaka nipaone katika masika, wakati waliobaki kijijini wanaendelea na kazi zao bila kumwandalia mgeni yeyote. Basi Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikiwa imepumzika kidogo alfajiri, tukatoka Arusha kwa nia ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Barabara ya njia nne inayoanzia Sakina huishia Tengeru, na hapo soko la Jumamosi lilikuwa limekwisha kuchangamka, mikungu ya ndizi ikishushwa hadi ukingoni mwa lami. Kutoka Arusha hadi Moshi ni takriban kilomita 80, lakini dereva mwenye busara hahesabu kilomita, bali huhesabu vibao vya mwendo wa 50, kwa kuwa Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti hufuatana kwa karibu, na askari wa usalama barabarani huwa hawako mbali. Baada ya Kikatiti migomba hutoweka na nchi huwa kavu hadi njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, ingawa kwa mvua zile hata huko nyasi zilikuwa kijani. Tulipopita Boma Ng'ombe na kuteremka bonde la Kikafu, nilitazama kushoto kuutafuta Mlima Kilimanjaro. Mlima wote, pamoja na kilele chake cha mita 5,895, ulikuwa umemezwa na mawingu. Mke wangu hakugeuza hata shingo. Nimegundua kwamba waliokulia mgongoni mwa mlima huo huwaachia wageni kazi ya kuutazama.

Moshi mjini hatukusimama, ila tulizungumza juu ya kahawa, kwa sababu ni vigumu kupita mji huo bila kuitaja. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wake, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na kwa miaka mingi kahawa iliyokusanywa na vyama vya msingi vijijini ndiyo iliyosomesha watoto wa mlimani. Baba mkwe alilipa ada ya mke wangu kwa fedha hizo. Baada ya mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti mauzo ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na wakulima wengi wakaipa mibuni kisogo. Tulipofika Himo, ambako mahindi machanga yalikuwa yameanza kufunika udongo, tukaiacha barabara ya Holili na kupanda kushoto.

Marangu Mtoni palikuwa patulivu kuliko nilivyozoea. Watalii wengi huikwepa miezi ya mvua, hivyo wagumu, kama wanavyoitwa wapagazi wa mlimani, walikuwa wamekaa karibu na daraja wakicheza bao na kungoja msimu. Barabara ya kuelekea kwa wakwe ilikuwa tope tupu. Tukaliacha gari kwa jirani na kutembea, mke wangu akitangulia kwa kasi iliyonishangaza, akikata kona za uchochoro baina ya mimea ya masale inayotenga kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, na kingine.

Sikuwa nimewahi kukiona kihamba kikiwa na maji ya kutosha. Juu kabisa kuna miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage, huku ng'ombe wakiwa zizini wakiletewa majani na kurudisha samadi shambani. Mke wangu alikuwa akitafuta kitu kingine, nacho ni mfongo. Mifereji hiyo ilichimbwa na mababu kwa kuufuata mwinamo wa ardhi tu, ikiyatoa maji kwenye vijito vya juu na kuyafikisha kwenye vihamba kwa zamu iliyosimamiwa na wazee, na aliyekosa siku ya kusafisha alitozwa faini. Yeye na dada zake walikuwa wakiteka maji hapo kabla ya kwenda shule, mapema, mifugo isije ikayachafua.

Mfongo mkubwa ulikuwa umejaa. Mchepuko wa kuingia kwao, hata hivyo, ulikuwa umezibwa na udongo na majani makavu, na ilionekana haukuzibwa jana.

Shemeji yangu, ambaye ndiye kitinda mimba wa kiume na kwa desturi ndiye aliyerithi nyumba ya wazazi, alitupokea kwa furaha, akaeleza kwamba siku hizi wana bomba. Mke wangu akamuuliza kahawa itanyweshwa na nini ukame wa Januari ukifika. "Kahawa ipi, dada?" akajibu shemeji, akionyesha mibuni michache iliyobaki nyuma ya zizi. Shangazi yao, aliyekuwa akimenya ndizi za mshare kwa ajili ya mtori, akasema kwa upole kwamba mtoto wa kike akija kwao anywe pombe ya mbege, asikague shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kumiliki ardhi, lakini jikoni mwa shangazi sheria hiyo haikuwa na mtetezi, na mimi, nikiwa mkwe, sikuona kuwa ni mahali pangu kuinukuu.

Mke wangu hakubishana. Aliazima mabuti ya shangazi, akachukua jembe, akaenda kuuzibua mchepuko, na baada ya muda watoto wa shemeji wakamfuata, kisha shemeji mwenyewe, kwanza kwa kuelekeza, mwishowe kwa kushika koleo. Nami nilipewa panga la kukatia majani. Maji yalipoingia migombani tulikuwa tumelowa matope hadi magotini na mtori umekwisha kupoa, jambo lililomuudhi shangazi kuliko yote yaliyotangulia. Mbege niliionja tu, kwa kuwa nilikuwa na usukani.

Tuliondoka saa kumi tukiwa na mikungu miwili ya mshare. Shemeji alitusindikiza hadi kwenye gari na kutujulisha kwamba wazee wa mfongo wataitisha siku ya usafi kabla ya kiangazi. Mke wangu akasema atatuma fedha za kibarua. Shemeji akacheka, akamwambia kwamba wazee hao hawapokei fedha kwa simu. Kama anautaka mfongo, aje, na safari hiyo jembe aje nalo mwenyewe.